Sababu Huandikwa Nyuma

Nianze na ubaya wangu, tusipotezeane wakati. Nilikuwa na wivu. Si ule wivu wa kuona jirani ameezeka mabati mapya ukasema moyoni, haya, na mimi Mungu ataniona. Wangu ulinifanya nifungue gazeti kila asubuhi nitafute jina la mwenzangu kabla sijatafuta langu, na nikilikuta, chai inanishinda.

Tulikuwa waandishi wawili wa gazeti moja, mjini Machakos, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Hatukuwa tumeajiriwa. Wakubwa wa Nairobi walichukua stori zetu wakipenda na kuzitupa wakipenda, na ikitupwa hupigiwi simu kuambiwa ilikosa nini. Mimi nilikuwa nimemtangulia kwa miaka minne. Yeye alikuja ametoka chuoni, msichana wa Kangundo, mtoto wa wakulima wa kahawa, sauti ndogo na madaftari mengi, akaniomba nimwonyeshe kazi. Nikamwonyesha. Nilimpeleka kortini nikamjulisha kwa makarani, nikampeleka kituo cha polisi, nikamfundisha kwamba aya ya kwanza ikimshinda msomaji hatasoma ya pili. Akaanza kuniita Mkubwa, kwa utani, na jina likashika mji mzima. Haikupita miezi sita akawa ananishinda.

Hata leo nikisema hivyo taya zinakaza. Msichana niliyemshika mkono! Nilijiambia ana bahati. Nikajiambia mhariri wa mikoani anapenda sauti ndogo. Ukweli ni kwamba mimi nilikaa kortini, ambako stori hukufuata mwenyewe umekaa kwenye benchi, na yeye alitembea. Alikwenda Kinanie akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akaandika kuhusu wafugaji wanaouza ng'ombe wakiwa mifupa. Alikaa na akina mama kwenye foleni ya maji siku nzima, akaandika walichozungumza. Hiyo ni habari kweli? Niliuliza hivyo kwa sauti. Siku iliyofuata ilikuwa ukurasa wa tatu, na jina lake juu, herufi nzito.

Sote wawili tulifanyia kazi kwa mama mmoja mpiga taipu, chumba cha juu ya duka la misumari na mabati. Mama huyo alikuwa na taipureta mbili, simu, na mashine ya faksi aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma. Tulimwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu Ukambani, naye alituita watoto wake na kutukemea tukiacha vikombe mezani. Meza yangu ilikuwa dirishani. Yake ilikuwa mlangoni, kwenye upepo, na sikufichi, kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu pekee.

Kisha mhariri akapiga simu. Alisema gazeti litaajiri mwandishi mmoja wa kudumu Machakos. Mshahara wa mwezi, kamera, kitambulisho chenye picha, na ofisi yenye jina la gazeti mlangoni. Atatuangalia kwa miezi mitatu, kisha ataamua. Mmoja, alirudia, kana kwamba sikusikia vizuri mara ya kwanza. Nilikuwa na mke, watoto wawili, na baba mkwe aliyeniuliza kila Krismasi kama nimepata kazi. Nafasi hiyo niliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji.

Ni katika miezi hiyo mitatu, kwa balaa yangu, ndipo mtafiti alipotujia. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka chuo kikuu, anaandika tasnifu ya udaktari, na sisi tukamwita Profesa kabla hajafika huko. Alikuwa mpole, miwani inamteleza kila mara. Alitueleza kwamba watu wengi wamechunguza habari zinazotoka gazetini, wakazihesabu na kuzipima kwa rula, lakini yeye anataka kujua zile ambazo hazitoki. Mambo elfu yanatokea Machakos kwa wiki, alisema, na gazeti linabeba matatu. Nani anayaacha mengine njiani? Mhariri tu? Au mwandishi mwenyewe, kabla hata ya kugusa simu?

Akatuletea karatasi za kaboni na mafaili mawili ya kaki, la kwangu na la mwenzangu. Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila stori tunayoipiga taipu, nakala ya kaboni iingie kwenye faili, tuwe tumeituma au tumeiacha. Tukiituma, tuandike nyuma ya karatasi kwa nini tumeona ni habari. Tukiiacha, tuandike hapo hapo nyuma kwa nini tumeiacha. Mafaili yatakaa kwenye katoni chini ya meza ya Mwaitu, na yeye Profesa atakuja kila wiki mbili kuyasoma. Alituomba tusisomeane. Tukaitikia, kama watoto wa shule ya Jumapili.

Mimi nikaona hapa ni pa kung'aa. Nikawa naandika nyuma ya karatasi zangu maneno makubwa makubwa. Maslahi ya umma. Uwajibikaji. Sauti ya wanyonge. Mtu amehukumiwa miezi mitatu kwa kuiba jogoo, na mimi nyuma naandika uwajibikaji! Profesa alikuja mara ya kwanza, akasoma langu haraka haraka, akanishukuru. Akafungua la mwenzangu, na hapo akakaa. Alikaa saa nzima. Alicheka peke yake, akavua miwani, akamwita mwenzangu wakatoka kwenda kunywa chai, na waliporudi bado walikuwa wanazungumza. Hakuna aliyenialika hiyo chai. Nilichapa taipureta kwa nguvu hadi Mwaitu akaniuliza kama nataka kumnunulia nyingine.

Alikuwa anaandika nini huyu msichana, cha kumchekesha mtu wa chuo kikuu? Swali hilo likaniingia likakaa. Nikala nalo, nikalala nalo. Na kumbuka, wakati huo kisima changu kilikuwa kimekauka. Hakimu alikuwa likizoni, korti imelala, na kwa wiki tatu mfululizo sikutoka gazetini hata mstari. Miezi mitatu ya mhariri ilibaki siku za kuhesabu kwa vidole. Nilikuwa nimeacha kumsalimu mwenzangu asubuhi. Alisema, Habari ya leo, Mkubwa, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Ijumaa moja, saa sita hivi, alipiga taipu karatasi mbili, akaandika kitu kwa mkono, akaweka nakala kwenye faili lake. Akamwambia Mwaitu anakwenda nyumbani Kangundo, kahawa imeiva na mama yake hana wachumaji, atarudi Jumatatu. Alisimama kidogo karibu na meza yangu. Alitaka kusema kitu. Mimi nilikuwa nimeinama, nasoma gazeti la juzi, neno kwa neno, mpaka nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Alasiri Mwaitu akashuka kununua mboga. Nikabaki na ile katoni.

Nilijiambia naangalia tu kinachomchekesha Profesa. Uongo. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye karatasi za juu. Na nilipozisoma nikasikia joto masikioni. Ilikuwa stori ya shule moja ya msingi kule upande wa Masinga, mahali ambapo ukame wa mwaka huo ulikuwa umewapiga watu vibaya na watoto walikuwa wanakula mchana shuleni kwa mahindi na maharagwe ya msaada. Wazazi wawili walimwambia mwenzangu kwamba wamemwona mwalimu mkuu, mama aliyekaribia kustaafu, akisimamia magunia yakipakiwa kwenye mkokoteni wa punda na kutoka nje ya uwanja wa shule. Magunia kumi na mawili. Watoto hawakupata isyo yao ya mahindi na maharagwe siku mbili zilizofuata.

Hapo ndipo mtu mzima anapaswa kujiuliza maswali. Mimi nilijiuliza moja tu: kwa nini hii stori apate yeye? Niliona ukurasa wa kwanza. Nilimwona mhariri akisoma jina lake, akichukua simu, na nafasi imekwenda. Kwa mawazo yangu alikuwa ameshaituma kabla hajaondoka, au anaiweka hadi Jumatatu aje aipambe. Nikainua simu nikapiga Nairobi, nikauliza kwa ujanja kama wana kitu chochote kutoka Masinga. Hawana. Nikajua niko na hadi jioni, kabla gazeti la Jumamosi halijafungwa na kabla yeye hajapata simu kule Kangundo.

Kwenda Masinga na kurudi kungekula siku nzima, na siku sikuwa nayo. Basi nikaandika pale pale dirishani. Wazazi wawili wakawa "wazazi wenye hasira." Magunia yaliyotoka uwanjani yakawa "yanayodaiwa kuuzwa." Nikaongeza kwamba juhudi za kumpata mwalimu mkuu hazikufua dafu. Sentensi hiyo waandishi wote wanaijua, na mimi juhudi zangu ziliishia kutazama mlima kupitia dirishani. Nikafunua faksi nikatuma. Karatasi zake nikazirudisha kwenye faili jinsi nilivyozikuta, uso juu, hata kona sikukunja.

Jumamosi ilikuwa ukurasa wa kwanza. Si kichwa kikubwa, cha pembeni, lakini ukurasa wa kwanza, na jina langu. Nilinunua nakala tatu. Baba mkwe alinipelekea salamu. Nilitembea sokoni polepole kuliko ilivyohitajika, na kila aliyeniambia, Mkubwa tumekusoma, nilimjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yetu.

Jumatatu mwenzangu alikuja, gazeti mkononi, vidole bado vina weusi wa kahawa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu matano ya ugomvi. Hakugomba. Aliniangalia tu, akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Uliongea na mwalimu mkuu?"

Nikasema naam, nilijaribu. Akakaa mezani kwake, akageuza kiti kikaangalia mlango.

Mwalimu mkuu alifika Jumatano. Mwaitu ndiye aliyempokea, akampa kiti. Alikuwa amevaa sweta ya kijani imefungwa vifungo vyote kwa joto lile, na mkobani alikuwa na daftari la stoo ya shule. Sauti yake ilikuwa ile ya kueleza hesabu kwa mtoto mzito wa kuelewa. Paa la stoo lilikuwa bovu, panya na fukusi wameingia, akaomba kanisa limpe chumba, akayahamishia magunia huko. Siku mbili watoto hawakula kwa sababu kanisani walikuwa wanapiga dawa ya wadudu. Padri aliweka sahihi. Kamati ya shule iliweka sahihi. Lile gazeti lilipofika Jumamosi, wanaume walikuja nyumbani kwake wakasimama nje ya ua wakamwita mwizi, mbele ya wajukuu zake. Ofisi ya elimu ikamwambia akae nyumbani hadi uchunguzi uishe. Miaka thelathini na mmoja amefundisha, alisema, na alibakiza muhula mmoja.

"Ungeniuliza tu," akaniambia. "Mimi niko pale shuleni kila siku, mwanangu."

Nilitamani anitukane. Nilitazama meza. Na hata katika saa hiyo, Mungu anisamehe, sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa inamtazama mwenzangu, inataka kujua kama anafurahi. Hakuwa anafurahi. Aliinuka akamshika yule mama mkono, wakashuka pamoja hadi kituo cha magari.

Gazeti likaomba radhi, mistari minne, ukurasa wa kumi na tisa, chini ya tangazo la mbolea. Uchunguzi ulimsafisha mwalimu, lakini muhula ulikuwa umekwisha. Alistaafu akiwa nyumbani, bila sherehe, bila watoto kumwimbia. Na mwezi haukuisha kabla mhariri hajapiga simu. Hakutaka kuongea na mimi. Alimwomba Mwaitu amwite mwenzangu.

Alipata yote. Kamera, kitambulisho, ofisi karibu na posta. Siku anahamisha madaftari yake nilijipa kazi mahakamani, ingawa hakimu alikuwa hajarudi. Na sasa nisikilize jinsi wivu unavyokula akili ya mtu: kwa miezi niliamini ni yeye aliyeniangusha. Niliamini alimpigia mhariri, akasema ile stori ni yake, mimi nimemwibia. Nilimsimulia mke wangu hivyo. Niliwasimulia makarani wa korti. Nilisema msichana yule ana sumu, usione anaongea polepole. Watu wakatikisa vichwa, wakasema dunia imeharibika, nami nikapata usingizi kidogo.

Mwaka uliofuata Profesa akarudi kwa mahojiano ya mwisho, kila mmoja wetu siku yake. Mwenzangu alihojiwa kwanza, mimi kesho yake, pale kwa Mwaitu. Alikuwa na kinasa sauti na karatasi alizotoa nakala kutoka mafaili yetu. Aliniuliza mengi kuhusu korti, jogoo na uwajibikaji wangu. Kisha akatoa karatasi ninazozijua. Masinga. Magunia kumi na mawili. Akaweka kando yake gazeti lenye jina langu.

Akasema ameona kitu kinachomtatiza. Katika faili la mwenzangu stori hii imeandikwa kuwa iliachwa. Lakini imetoka siku iliyofuata, kwa jina langu, na maneno yanafanana. Akageuza karatasi ya mwisho ili nione.

Hapo ndipo nilipoona nyuma yake kwa mara ya kwanza. Mwandiko mdogo wa mwenzangu, wino wa buluu. Nauweka hapa wote, maana naujua kwa moyo. "Sijaituma. Nimesikia upande mmoja tu. Namwachia Mkubwa, hajatoka wiki tatu na siku zetu zinaisha, ana familia. Leo amekasirika, nitamwambia Jumatatu. Lakini aende kwanza Masinga amwone mwalimu mkuu."

Nikausoma tena kutoka mwanzo. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. Profesa akasukuma miwani juu. Kisha akauliza lile swali lake, lile alilouliza kila mwandishi kuhusu kila stori. "Hii uliichagua kwa nini?"

Alikuwa na orodha ya sababu mbele yake, na kalamu. Umbali. Ugomvi. Mtu mkubwa. Jambo la ajabu. Nilikuwa na neno moja tu mdomoni na halikuwa kwenye orodha. Kabla sijalitamka, akaongeza kwamba jana amemuuliza mwenzangu, naye alisema amenipa stori hiyo yeye mwenyewe, mkononi. "Ni hivyo?"

Nikasema, "Ndiyo. Alinipa."

Akaandika. Akashukuru. Baadaye tasnifu ilipokamilika alituletea nakala moja pale kwa Mwaitu, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu. Nilitafuta kurasa zetu. Amesema humo kwamba waandishi wa miji midogo hugawana habari kwa hiari, hata wanaposhindania nafasi moja ya kazi, na kwamba jambo hili wataalamu wamelisahau. Mfano alioutoa ni sisi wawili, bila majina. Mwalimu mkuu hayumo. Nililitafuta neno mwalimu kitabu kizima.

Nikakibeba kitabu hadi ofisini kwa mwenzangu karibu na posta. Alikuwa anapiga taipu, kamera iko mezani, ile kamera. Nilikifungua ukurasa ule nikaweka mbele yake, nikamuuliza kwa nini alimdanganya Profesa kwamba alinipa. Nilitaka aseme alinionea huruma. Hapo ningekuwa na la kumchukia.

Alisoma mistari ile bila haraka, akafunga kitabu.

"Sikudanganya sana," akasema. "Nilikuwa nakupa, Mkubwa. Wewe ndiye hukungoja."

Akanivutia kiti, akaniuliza kama nimekula. Sikukaa. Nilibaki nimesimama pale mlangoni, chini ya jina la gazeti, nikamwonea wivu upya, na safari hii si kwa ajili ya kazi.